Gavana Edward Lloyd wa Maryland na mashamba ya Wye: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukisoma habari za Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akaja kuwa mwandishi na msemaji mkubwa wa Marekani, lazima utakutana na jina la Kanali Lloyd. Watu wengi wanaishia hapo, wanamchukulia kama mzungu fulani tu tajiri kwenye stori. Kumbe huyo mtu alikuwa gavana wa jimbo, akawa seneta, na shemeji yake ndo aliandika maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi kila mara na kuyajibu kadiri inavyowezekana.

Huyu Edward Lloyd ni nani hasa?

Mwanasiasa na mwenye mashamba makubwa wa Maryland, kwenye pwani ya mashariki ya ghuba ya Chesapeake, kaunti ya Talbot. Kazaliwa tarehe 22 Julai 1779 palepale kwao Wye House, kafariki Annapolis tarehe 2 Juni 1834, akarudishwa kwao kuzikwa. Wanahistoria humwita Edward Lloyd wa Tano kwa sababu familia ilikuwa inampa mtoto wa kiume wa kwanza jina hilohilo, kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo kuna baba, babu, babu wa babu, wote Edward Lloyd, na mtoto wake naye Edward Lloyd. Ukisoma kitu mtandaoni angalia namba, la sivyo utampa mtu wa 1770 mambo ya 1820. Na yule Edward Lloyd wa London mwenye mgahawa wa kahawa ambako ilianzia biashara ya bima ni mtu mwingine kabisa.

Utajiri wao ulianzia wapi?

Lloyd wa kwanza aliingia Maryland katikati ya miaka ya 1600, wakati koloni bado changa na ardhi inagawiwa. Asili yao ni Wales, na mto Wye wa kule Maryland umebeba jina la mto wa kwao. Walianza na tumbaku, maana tumbaku ndo ilikuwa kama pesa taslimu kwenye eneo lile, kodi ililipwa kwa tumbaku, mishahara ya mapadri kwa tumbaku. Halafu kila kizazi kikaongeza ardhi na watumwa, kikaoa au kuolewa kwenye familia nyingine kubwa, mama yake gavana alikuwa Elizabeth Tayloe wa ukoo tajiri wa Virginia. Baba yake, Edward wa Nne, ndiye aliyejenga nyumba kubwa inayoonekana mpaka leo, baada ya Waingereza kuvamia na kupora nyumba ya zamani mwaka 1781 vita vya uhuru vikiwa havijaisha. Alikuwa na jumba lingine la kifahari Annapolis, alilinunua likiwa halijakamilika mwaka 1771 kutoka kwa Samuel Chase, ambaye baadaye alitia saini Azimio la Uhuru.

Baba akafariki mwaka 1796. Kijana ana miaka kumi na sita, anaelekea kumi na saba, na tayari yeye ndo mrithi wa moja ya mali kubwa kuliko zote Maryland. Mwaka uliofuata akamwoa Sally Scott Murray wa Annapolis.

Ukitaka kuelewa siasa zake zote anzia hapo. Hajawahi hata siku moja kuwa mtu wa kuajiriwa au wa kutafuta. Alizaliwa bosi.

Aliwezaje kuwa gavana akiwa na miaka 29?

Kwa sababu gavana wa Maryland wakati ule hakuchaguliwa na wananchi. Katiba ya jimbo ya 1776 ilisema gavana anachaguliwa na bunge la jimbo, kwa mwaka mmoja mmoja, na hawezi kukaa zaidi ya mitatu mfululizo. Umri wa chini ni miaka 25. Na kuna sharti ambalo watu wengi hawalijui, mgombea lazima awe na mali ya zaidi ya pauni 5,000, na ndani ya hiyo angalau pauni 1,000 iwe ardhi yake mwenyewe. Sasa hesabu mwenyewe ni watu wangapi jimbo zima walikuwa na mali hiyo. Wachache, na karibu wote wanajuana, wanaoana, wanadaiana.

Lloyd alikuwa ameshaingia bunge la jimbo mwaka 1800, akiwa na miaka 21, halafu Desemba 1806 akaingia Baraza la Wawakilishi la Marekani kujaza nafasi ya mtu aliyejiuzulu. Mwaka 1809 gavana Robert Wright akajiuzulu katikati ya muhula kwa sababu alikuwa anawania ujaji, bunge likamchagua Lloyd mwezi Juni. Akakaa mpaka Novemba 1811.

Alifanya kitu gani cha maana akiwa gavana?

Kikubwa kinachotajwa ni mabadiliko ya katiba ya 1810. Kabla ya hapo mtu alitakiwa awe na mali kiasi fulani ndo apige kura za taifa au ashike cheo, sharti hilo likafutwa, mzungu wa kiume aliye huru akaruhusiwa kupiga kura hata kama hana shamba. Kwa hiyo utakuta vitabu vinamsifia gavana Lloyd, tajiri namba moja, kwamba chini yake mzungu maskini alipata kura.

Ila soma sentensi yote. Mabadiliko yaliyopita mwaka 1802 yalikuwa yameshawatoa watu weusi huru kwenye kura za jimbo, ambao kabla ya hapo, wakiwa na mali, walikuwa wanapiga, na haya ya 1810 yakafunga na mlango wa kura za taifa. Yaani mlango mmoja umefunguliwa na mwingine umepigwa kufuli, kwenye karatasi ileile. Sensa ya 1810 ilihesabu watumwa zaidi ya 111,000 Maryland kati ya watu kama 380,000, na watu weusi huru karibu 34,000. Huwezi kusema "demokrasia ilipanuka" ukaishia hapo wakati karibu watu wanne katika kila kumi hawamo.

Mengine ya ugavana wake hayana uzito sana, kwa haki yake cheo chenyewe kilikuwa dhaifu. Gavana hakuwa na kura ya turufu na alifanya kazi na baraza la ushauri la watu watano waliochaguliwa na bunge lilelile.

Baada ya ugavana alienda wapi?

Akarudi bunge la jimbo, mwaka 1819 akachaguliwa seneta wa Marekani, akachaguliwa tena mwaka 1825 na kujiuzulu Januari 1826. Akiwa Seneti aliongoza kamati ya mji mkuu, Washington. Baada ya hapo akawa kwenye seneti ya jimbo mpaka 1831, na akawa rais wake. Hicho cheo cha "kanali" ambacho watu wa Talbot walimwita nacho kilitokana na jeshi la mgambo la jimbo, siyo jeshi la taifa.

Hayo ndo maisha yake rasmi na yanaisha kwenye aya moja. Maisha ambayo yameandikwa kwa undani ni ya nyumbani kwake, na yaliandikwa na mtu ambaye yeye Lloyd pengine hakumtazama mara mbili.

Frederick Douglass anaingiaje hapa? Alikuwa mtumwa wa Lloyd?

Hapana, hili watu wanalichanganya sana. Douglass, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Frederick Bailey, alikuwa mali ya Aaron Anthony. Anthony ndo alikuwa msimamizi mkuu wa mashamba yote ya Lloyd, manyapara wote wanaripoti kwake, na yeye mwenyewe alikuwa na watumwa kama thelathini na mashamba yake mawili matatu upande wa Tuckahoe. Ila alikaa Wye, kwenye nyumba karibu na jumba kubwa la gavana.

Mtoto Frederick kazaliwa Februari 1818 na kalelewa na bibi yake, Betsey Bailey. Mwaka 1824, akiwa na miaka sita, bibi akamchukua kwa miguu, maili kumi na mbili, joto kali, sehemu nyingine anambeba mabegani, mpaka Wye. Walipofika akamwonyesha watoto wengine, huyu kaka yako Perry, hawa dada zako Sarah na Eliza, nenda ukacheze nao. Mtoto hajawahi kuwaona maishani. Akasimama ukutani anaangalia tu. Baadaye mtoto mmoja akaja mbio kumwambia, Fred, bibi ameenda. Alilia mpaka akalala. Bibi mwenyewe hakuwa na la kufanya, hiyo ilikuwa amri ya bwana, na alishawapeleka wajukuu wengine kabla yake.

Alikaa pale kama miaka miwili hivi mpaka 1826 alipopelekwa Baltimore. Miaka miwili ya mtoto wa miaka sita mpaka nane. Na ndani ya hiyo miwili akaona na kusikia mambo ambayo mwaka 1845 aliyaandika kitabuni kwa majina kamili, Lloyd kataja, Anthony kataja, manyapara kataja.

Wye ilikuwa kubwa kiasi gani?

Douglass anasema shamba la nyumbani peke yake lilikuwa na watumwa kati ya 300 na 400, na kuna mashamba mengine zaidi ya ishirini yaliyopokea maagizo kutoka pale. Shamba la nyumbani lilikuwa kama mji. Kuna mhunzi, fundi viatu, fundi magari ya farasi, wasuka nguo, wasaga nafaka, wote watumwa, na watumwa wa mashamba ya mbali wakaliita Shamba la Nyumba Kubwa. Mtumwa wa nje akichaguliwa kutumwa huko ilikuwa heshima, maana angalau siku hiyo unaponyoka kutoka kwenye macho ya nyapara wako.

Mazao yalikuwa ngano, mahindi na tumbaku, ngano ikizidi kupata nguvu kadiri tumbaku ilivyochosha ardhi. Mzigo ulipelekwa Baltimore kwa jahazi la familia lililoitwa Sally Lloyd, jina la binti yao. Mabaharia wake walikuwa watumwa, Peter, Isaac, Rich na Jake, na wenzao waliwaonea wivu kwa sababu wao angalau waliona mji.

Watumwa walikula na kuvaa nini?

Posho ilikuwa ya mwezi. Mtu mzima anapata ratili nane za nyama ya nguruwe au samaki kwa kiasi hicho, na unga wa mahindi busheli moja, ambayo ni kama madebe mawili. Hiyo ni mwezi mzima, kwa mtu anayelima kuanzia alfajiri mpaka giza. Nguo zilikuwa za mwaka: mashati mawili ya kitani kigumu, suruali moja ya kitani, koti moja, suruali moja ya baridi, soksi jozi moja, viatu jozi moja. Douglass anasema vyote kwa pamoja havikuzidi dola saba.

Watoto ambao hawajafikia umri wa kulima shambani walipewa mashati mawili kwa mwaka, basi. Hakuna suruali, hakuna kiatu, hakuna kofia. Yakichanika kabla ya siku ya mgao mtoto anatembea uchi, na Maryland kunaanguka theluji, jamani. Frederick usiku alikuwa anaiba gunia lililotumika kubebea mahindi kwenda kinuni, anaingiza kichwa na mwili humo, miguu inabaki nje kwenye sakafu ya udongo. Anasema miguu ilipasuka na baridi kiasi kwamba kalamu aliyokuwa anaandikia kitabu hicho ukubwani ingeweza kulala ndani ya nyufa zake.

Chakula cha watoto kilikuwa uji mzito wa mahindi, unamwagwa kwenye hori la mbao, hori linawekwa chini, watoto wanaitwa. Wengine wanachota kwa ganda la chaza, wengine kwa kipande cha kigae, wengine kwa mikono. Anayekula haraka ndo anapata. Nyumba ya gavana ipo hatua chache tu kutoka hapo, na humo ndani kuna nyama, bata, samaki, kaa, divai za kutoka Ulaya. Hii sehemu mimi huwa nairudia kila nikisoma na bado inanikaba.

Ile stori ya bustani na lami ni kweli?

Ndiyo, iko kwenye kitabu. Gavana alikuwa na bustani kubwa ya matunda, kuanzia matofaa ya kaskazini mpaka machungwa ya kusini, chini ya mkulima wa bustani aliyetoka Scotland, bwana McDermott. Watu walikuja kuiangalia kutoka Baltimore, Easton, Annapolis. Watoto wenye njaa na hata watu wazima wakawa wanaingia kuiba matunda. Walijaribu kila njia kuwazuia ikashindikana, mwisho Kanali akaagiza uzio wote upakwe lami. Ukikutwa na lami mwilini basi umehukumiwa, ama umeingia bustanini au umejaribu, mkulima mkuu anakuchapa. Njia ikafanya kazi. Watu wakaanza kuiogopa lami kama mjeledi wenyewe.

Lloyd mwenyewe alikuwa mkatili au ni manyapara tu?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, na naona linaulizwa kwa matumaini kwamba jibu litakuwa manyapara. Haliko hivo.

Kwenye banda la farasi walikuwepo watumwa wawili, Barney mzee na Barney kijana, baba na mwanawe. Farasi ndo walikuwa fahari ya Lloyd kuliko kitu chochote. Basi ikitokea farasi hana mwendo mzuri, shingo haiko juu, vumbi limebaki mahali, nyasi hazikupigwa vizuri, kosa ni la Barney. Na Barney haruhusiwi kujibu, anasimama anasikiliza anatetemeka. Douglass aliona kwa macho yake Barney mzee, mtu wa miaka kati ya hamsini na sitini, akivua kofia, kipara wazi, akipiga magoti kwenye udongo wenye baridi na unyevu, na kuchapwa zaidi ya viboko thelathini mabegani. Hapo aliyeshika mjeledi siyo nyapara, ni Kanali Lloyd mwenyewe, aliyekuwa gavana na kwa wakati huo seneta wa Marekani. Anasema na wanawe na wakwe zake nao walikuwa wanachapa wakijisikia.

Halafu kuna hii nyingine. Watumwa walikuwa wengi kiasi kwamba wa mashamba ya mbali hawakumjua sura. Siku moja yuko njiani juu ya farasi akakutana na mtu mweusi, akamuuliza wewe ni wa nani. Wa Kanali Lloyd, bwana. Haya, Kanali anakutendea vema? Hapana, bwana. Anakufanyisha kazi sana? Ndiyo, bwana. Na chakula, hakupi cha kutosha? Ananipa bwana, ndo hivohivo kilivyo. Kanali akaulizia shamba lake, akaendelea na safari. Yule mtu naye akaenda zake, hajui ameongea na nani. Wiki mbili tatu baadaye nyapara akamwambia kwamba kwa sababu ya kumsema vibaya bwana wake ameuzwa kwa mfanyabiashara wa Georgia. Akafungwa pingu palepale, hakuaga mke wala ndugu.

Ndo maana, Douglass anaeleza, mgeni akiwauliza watumwa hali yao karibu wote wangesema tuko vizuri na bwana wetu ni mwema. Ukisoma barua za wasafiri wa enzi zile wanaosifia furaha ya watumwa wa mashamba fulani, kumbuka huyu mtu wa barabarani.

Na kesi ya Demby?

Nyapara mmoja, Austin Gore, alianza kumchapa mtumwa aitwaye Demby. Demby akachomoka akajitupa kwenye kijito, akasimama maji yakiwa mabegani, akagoma kutoka. Gore akamwambia nitakuita mara tatu. Ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya. Akainua bunduki akampiga, mbele ya wenzake wote. Hata wazungu wa pale walishtuka. Lloyd akamuuliza kwa nini, Gore akajibu kwamba Demby alikuwa anawafundisha wengine ukaidi na akiachwa shamba lote litaharibika. Kanali akaridhika. Gore akabaki kazini, hakupelekwa hata mahakamani kuulizwa, maana walioshuhudia ni watumwa na sheria ya Maryland haikumruhusu mtumwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu.

Tutajuaje kama Douglass hakutia chumvi?

Swali la haki. Kitabu kilipotoka 1845 mzungu mmoja aliyewahi kuishi eneo lile, A.C.C. Thompson, aliandika gazetini kupinga. Akasema anawajua wote waliotajwa, Kanali Lloyd ni muungwana mwenye huruma, Gore mtu wa heshima, na kwamba Fred Bailey aliyemjua yeye alikuwa mtumwa wa kawaida asiye na elimu, hawezi kuandika kitabu kile. Douglass wakati huo alikuwa ng'ambo, kwenye ziara ya Uingereza na Scotland. Jibu lake lilikuwa la kumshukuru! Kulikuwa na watu wanadai hajawahi kuwa mtumwa kabisa, na sasa mpinzani wake mwenyewe amethibitisha kwamba alikuwepo, jina ni hilohilo na majirani ni walewale. Kuhusu kwamba asingeweza kuandika, akasema mtu niliyekuwa wakati ule na mtu niliye sasa baada ya kuwa huru ni tofauti.

Kwenye idadi mimi nakuwa mwangalifu, mtoto wa miaka saba hakai kuhesabu watu wa mashamba ishirini, ni makisio aliyoyatoa ukubwani. Ila majina, mahali, nani alikuwa na kazi gani, hayo yamekutwa kwenye daftari za familia zenyewe.

Si tumhukumu kwa zama zake? Wote walikuwa hivyo.

Siyo wote. Kwenye pwani ileile ya Maryland Wakweka, dhehebu la Kikristo linaloitwa Quakers kwa Kiingereza, walikuwa wameshaachia watumwa wao tangu karne iliyotangulia, kwa msimamo wa dini, na baadhi ya Wamethodisti nao. Wale watu weusi huru karibu 34,000 wa sensa ya 1810 hawakudondoka kutoka mbinguni, wengi waliachiwa huru au wazazi wao waliachiwa, wengine walijinunua.

Na kama unataka kumlinganisha na gavana mwenzake yupo Edward Coles. Kijana wa Virginia wa familia tajiri, mwenye kurithi watumwa kama Lloyd. Mwaka 1819 aliwachukua watumwa wake kwenda Illinois, njiani kwenye mashua mtoni akawatangazia kwamba wako huru, akawapa wakuu wa familia ekari 160 kila mmoja. Mwaka 1822 akachaguliwa gavana wa Illinois na akapigana kuzuia jimbo lisihalalishe utumwa, akashinda. Coles na Lloyd ni watu wa kipindi kimoja, wa tabaka moja, walisoma magazeti yaleyale. Kwa hiyo zama peke yake hazitoshi kumtetea.

Ni kweli ana undugu na mwandishi wa wimbo wa taifa wa Marekani?

Kwa ndoa, ndiyo. Dada yake, Mary Tayloe Lloyd, aliolewa na wakili Francis Scott Key mwaka 1802 kwenye lile jumba la Annapolis. Miaka kumi na miwili baadaye, 1814, Key akaandika yale maneno akiangalia Waingereza wanapiga makombora ngome ya Baltimore.

Binti wa gavana, Ann Catherine, aliolewa na Franklin Buchanan, mkuu wa kwanza wa chuo cha jeshi la wanamaji la Marekani, ambaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza akahamia upande wa Kusini na kuwa amirali wao. Mtoto wake Edward wa Sita akanunua mashamba ya pamba Mississippi na kupeleka watumwa huko. Mjukuu wake, Henry Lloyd, akawa gavana wa Maryland miaka ya 1880.

Na kuna minong'ono ambayo Douglass aliiandika, kwamba mtumwa mmoja aitwaye William Wilks alikuwa mtoto wa Kanali. Alikuwa anafanana na wana wa ndoa na watumwa wote pale waliliongea chinichini.

Kulikuwa na mtoto wa Lloyd aliyekuwa rafiki wa Douglass?

Ndiyo, Daniel, mdogo wa wavulana. Alimpenda Frederick, wakawa wanaenda wote kuwinda ndege, Frederick kazi yake kuwaokota. Daniel alimkinga na watoto wakubwa na alikuwa anamgawia keki zake.

Douglass aliwahi kurudi?

Juni 1881. Mzee wa miaka 63, anajulikana dunia nzima. Alifika kwa meli ya serikali na akapokelewa na kijana Howard Lloyd, wa kizazi cha vitukuu vya Kanali. Akatembezwa, akaonyeshwa makaburi ya familia, akatafuta nyumba ya Anthony ikawa bado ipo, akatafuta jiko alilokuwa anakaa, akataja majina ya watumwa waliokaa kila mahali. Wenyeji wakamkaribisha ndani ya ile Nyumba Kubwa ambayo mtotoni aliiangalia kwa nje. Wapo watu weusi waliokasirika kwamba alikuwa mpole kupita kiasi. Mimi naona alikuwa na haki ya kuingia mlango ule kwa namna aliyotaka yeye.

Nyumba bado ipo? Naweza kutembelea?

Ipo, karibu na Easton, ila ni mali binafsi ya wazao wa familia, siyo makumbusho ya kuingia kwa tiketi. Tangu 1970 imeorodheshwa kama alama ya kihistoria ya taifa. Lile banda la kioo la kuoteshea machungwa wakati wa baridi nalo limesimama, ni la karne ya 18 na kwa Amerika Kaskazini ni nadra sana kulikuta hivyo.

Kuanzia 2005 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Maryland, wakiongozwa na Mark Leone, wamechimba pale kwa ruhusa ya familia. Walikuta misingi ya makazi ya watumwa kwenye uwanja mrefu alioutaja Douglass. Na upande wa nyuma wa lile banda la machungwa, chumba alichokaa mtumwa wa kuwasha tanuru, walikuta chini ya kizingiti vitu vimezikwa kwa makusudi, sarafu pamoja na vichwa vya mishale ya mawe. Vimewekwa mlangoni kwa desturi za kinga zenye asili ya Afrika Magharibi. Wageni wa gavana walipita upande wa mbele kushangaa machungwa, hawakujua kuna mtu kaweka kinga yake kule nyuma.

Watu waliokuwa watumwa pale waliishia wapi?

Wengine waliuzwa kusini na hawakurudi. Waliobaki walipata uhuru tarehe 1 Novemba 1864, Maryland ilipopata katiba mpya inayofuta utumwa, miaka thelathini baada ya kifo cha gavana. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari 18 weusi waliopigana upande wa Kaskazini walipata viwanja karibu na hapo kutoka kwa Mkweka aitwaye Cowgill, wakaanzisha kijiji chao wakakiita Unionville. Wote 18 wamezikwa kwenye kanisa la kijiji, St. Stephen's, na miongoni mwa familia za Unionville kuna zenye mizizi kwenye mashamba ya Lloyd.

Watafiti walipoanza kuchimba Wye walienda Unionville kuwauliza wazao hao, nyinyi mnataka tutafute nini? Wakataka kujua dini za wazee wao zilikuwaje na nini cha Afrika kilibaki, na uchimbaji ukafuata maswali hayo.